Kufuli la Fundi

Tangu Jumatano saa saba kasoro mchana, Mama Saa hakuweza kusikia mtu akihesabu bila mwili kumsisimka. Alhamisi jioni mwanawe wa miaka sita alikuwa mezani akijifunza namba, moja, mbili, tatu, na mama mtu akainuka ghafla akaenda kujifungia bafuni. Akafungua bomba ili mumewe adhani anaoga. Kumbe alikuwa amekaa juu ya ndoo na nguo zake zote mwilini, mkoba mapajani, na ndani ya mkoba mlikuwa na kufuli lililokatwa.

Jina la Mama Saa alipewa na wenzake katika kiwanda cha sabuni, kwa kuwa haikupita siku bila yeye kuitazama saa ya ukutani na kuguna. Alipokuwa mpakiaji, kuguna kwake kulikuwa kichekesho. Alipofanywa msimamizi, miezi minne iliyopita, kuguna kule kule kukawa amri. Watu walinung'unika, maana jana tu walikuwa wakila naye sahani moja, leo anaandika nani kachelewa. Aliyewanyamazisha alikuwa Fundi, mzee wa mashine, ambaye alikuwa pale tangu kuta za kiwanda zilipokuwa bado nyeupe.

"Huyu nimemfundisha mimi," aliwaambia. "Mkimkataa yeye, mmenikataa mimi."

Kisha akamvuta pembeni. "Mwanangu, mkubwa ni jalala. Kila mtu atakuja kukutupia lake. Wewe pokea tu. Ila lako usimtupie mtu."

Mama Saa aliitikia kwa heshima, kama watu wanavyoitikia maneno ambayo hawajapata kuyahitaji.

Katikati ya kiwanda kile kuna mashine ya kuchanganyia, pipa la chuma lenye ukubwa wa chumba cha kulala, na ndani yake mapanga mawili yanayozunguka na kukanda sabuni. Wafanyakazi waliliita Tumbo. Sabuni hugandia humo, kwa hiyo kila Jumamosi lazima mtu aingie, kupitia mlango mdogo wa nyuma, akwangue kuta kwa skrepa. Swichi yake kubwa iko ukutani upande wa mbele, na anayesimama kwenye swichi hamwoni aliye ndani. Ndiyo maana palikuwa na sheria moja ambayo hata wale wa kuja na harufu ya pombe waliiheshimu. Kila mtu ana kufuli lake. Kabla hujaingia, unashusha mkono wa swichi, unapitisha kufuli kwenye komeo lake, unafunga, na ufunguo unauvaa shingoni. Ufunguo wa akiba hakuna. Kufuli likiwa pale, wewe umo ndani, na hata Meneja aje na ukoo wake mzima haruhusiwi kuligusa. Likiwa limesahauliwa, anatafutwa mwenyewe. Akikosekana, watu wawili wanazunguka nyuma, wanamulika ndani kwa tochi, wanaandika majina yao kwenye daftari, ndipo linakatwa.

Kufuli la Fundi lilijulikana na kila mtu. Mjukuu wake alikuwa amelipaka rangi ya kucha, nyekundu ya kung'aa, na juu yake maua mawili meupe yaliyofanana zaidi na mayai ya kukaanga. "Fundi, harusi lini?" walimtania. Naye hujibu bila kucheka, "Bwana harusi bado anakimbia." Lakini ole wake atakayelichubua.

Hilo ndilo kufuli lililokuwa mkobani.

Jumatano ile Meneja alipiga simu mara tatu kabla ya saa ya chakula. Lori la mteja lingefika saa nane, na mchanganyiko mmoja ulikuwa haujafanywa. "Mama, nakutegemea wewe," alisema, kwa ile sauti ya wakubwa ambayo kutegemea na kutishia ni kitu kimoja. Watu wote walikuwa wamekwenda kula. Mama Saa akaona aiwashe mashine mwenyewe, ili wakirudi wakute sabuni iko tayari. Akafika kwenye swichi akalikuta kufuli jekundu linaning'inia.

Akampigia Fundi. Simu ikaita mpaka ikachoka, maana saa za kazi simu zote zilikaa makabatini, na amri hiyo aliitoa yeye mwenyewe. Akachungulia dirishani kwa mlinzi wa geti, ambaye kwa jinsi alivyosambaza habari walimwita Redio.

"Fundi umemwona?"

"Fundi katoka kitambo, nimemfungulia mimi mwenyewe," alisema Redio, mdomo umejaa chakula.

Na ni kweli alikuwa ametoka. Alikwenda duka la jirani kununua pamba ya kuziba masikio, akarudi kwa mlango wa stoo. Redio hakulijua hilo, na Mama Saa hakuuliza la pili.

Mwezi huo huo watu wawili walikuwa wamesahau makufuli yao wakaenda nyumbani, na mara zote mbili kiwanda kizima kilikaa saa nzima kumngoja mtu arudi na ufunguo. Akajiambia, basi hata mzee naye kasahau. Hapo alijidanganya, na alijua kwamba anajidanganya, maana kufuli lile halikupata kusahauliwa hata siku moja. Akatazama saa. Akaguna. Akaenda stoo, akachukua mkasi wa kukatia nondo.

Kufuli lilikatika kwa mlio mdogo tu. Akapandisha mkono wa swichi, akabonyeza kitufe cha kijani. Kimya. Akabonyeza tena, kwa nguvu, kwa hasira, kama mtu anayegonga mlango wa mdeni wake. Kimya. Akainua macho, akaona feni za darini zimesimama. Umeme umekatika. Akafungua kinywa amtukane mwenye umeme wake, na katika ukimya ule akasikia sauti ya chuma kikikwaruza chuma, na sauti ya mtu, ya taratibu, kutoka ndani ya Tumbo.

"Mia na nne. Mia na tano."

Fundi alikuwa na desturi ya kuhesabu anapokwangua. Alisema humsaidia asikimbilie kutoka.

Mama Saa hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha baadaye kuliko mengine, kwamba hata wakati ule alikumbuka kunyamaza. Akashusha mkono wa swichi kwa mikono miwili, akaokota kufuli na kipande chake, akarudisha mkasi, akaondoka kwa ncha za vidole. Alikuwa hajafunga mlango wa ofisi feni zilipoanza kuzunguka.

Kupitia kioo cha ofisi alimwona Fundi akitokeza kutoka nyuma, anajipangusa jasho, pamba masikioni. Sabuni ya jana ilikuwa imeganda vibaya kwenye mapanga, naye alikuwa ametumia saa yake ya kula kuikwangua ili kazi ya Mama Saa isichelewe. Akaenda kwenye swichi huku mkono tayari uko shingoni kutafuta ufunguo. Akasimama. Akalishika komeo tupu. Akatazama sakafuni, akatazama ufunguo, akalishika komeo tena. Kisha akaketi kwenye kreti na kukishika kichwa chake kwa mikono yote miwili.

Mama Saa angeweza kutoka wakati ule ule. Hatua kumi na mbili tu, alizihesabu kwa macho. Lakini aliendelea kusimama nyuma ya kioo, na lori likafika.

Siku iliyofuata Fundi alitafuta kufuli lake chini ya meza, nyuma ya mapipa, hata ndani ya taka. Redio akamfuata nyuma akitangaza. "Kikulacho ki nguoni mwako, wazee! Humu ndani kuna mwizi."

"Mwizi gani wa kuiba kufuli la maua?" alijibu Fundi, na safari hii hakuna aliyecheka, kwa sababu sauti yake ilikuwa ndogo.

Mama Saa alimwona akifunga bomba la maji, akienda hatua tatu, akirudi kulikagua. Alimwona akisimama mbele ya mashine ndogo ambayo huifungua akiwa amefumba macho, akiitazama mikono yake kama mikono ya mtu mwingine. Kila asubuhi Fundi hupita ofisini kumjulia hali, na Alhamisi hiyo alipita pia. "Umelala salama, mwanangu?" "Salama, Baba, shikamoo," na macho yake akayaweka mezani, asije akakiona kile kikamba cha kiatu kinachobeba ufunguo shingoni mwa mzee.

Alijikaza kisabuni, kama wasemavyo, na katika kiwanda kile msemo huo ulikuwa utani wa kila siku. Ila ndani alikuwa anaoza kwa woga. Aliogopa barua ya Meneja. Aliogopa polisi. Aliogopa mumewe ajue amelala na mtu wa namna gani. Njiani kurudi nyumbani alisimama karibu na jalala la mtaa, kufuli mkononi, akakuta mwanamke mmoja anamtazama, akajifanya anapenga kamasi, akaendelea na safari. Na woga uliozidi wote haukuwa na jina wala mahakama. Kila alipofumba macho umeme ulikuwa haujakatika.

"Kazini kuna nini?" aliuliza mumewe usiku huo, baada ya kule kuoga kusikolowesha nywele.

"Kazi tu."

"Kazi gani hiyo ya kukufanya uruke mtoto akisema tatu?"

Mama Saa akazima taa.

Ijumaa asubuhi Fundi hakupita kumjulia hali. Alikuja saa nne, akagonga, jambo ambalo hakupata kulifanya, akaingia na ovaroli lake limekunjwa vizuri kama nguo ya sikukuu. Akaliweka juu ya meza. Juu ya ovaroli akaweka ufunguo na kamba yake.

"Mwanangu, nimekuja kuaga."

"Kuaga kwenda wapi, Baba?"

"Nyumbani." Fundi aliketi bila kuambiwa. "Sijamwambia mtu. Nakwambia wewe, kwa sababu wewe ndiye ninayekuamini hapa. Jumatano niliingia kwenye Tumbo bila kufunga kufuli."

Mama Saa aliuvuta mkoba karibu.

"Nilikuwa na hakika nimefunga," Fundi aliendelea. "Naliona kabisa mkononi. Nimetoka, halipo. Sasa nimelitafuta siku mbili, na halipo kwa sababu pengine hata sikuja nalo. Jana nimemwuliza mke wangu kama nimekula. Akadhani natania. Mtu akifika hapo, mwanangu, ataua. Kama si yeye mwenyewe, basi wale watoto wanaoingia na yeye. Andika barua, sema mzee kachoka. Hiyo tu."

Njia ilikuwa wazi mbele yake. Fundi angekwenda kwake, watu wangemfanyia kasherehe, Meneja angetoa hotuba, na kufuli lingezama kwenye shimo lolote la choo. Asingelazimika hata kusema uongo. Kukaa kimya tu kungetosha, na kwa siku mbili alikuwa amekuwa bingwa wa hilo. Akaitazama ile mikono juu ya magoti, inatetemeka kidogo, mikono iliyomfundisha kuzima mashine kabla ya kuiwasha. Mikono hiyo ilikuwa haitetemeki Jumanne.

Akafungua mkoba. Akalitoa kufuli na kipande chake, akaviweka juu ya ovaroli, kando ya ufunguo.

Fundi alilitazama muda mrefu. Akalichukua, akaupitisha ufunguo, akauzungusha. Kufuli lilitii kama kawaida, halikujua kwamba limekatwa.

"Nilikwambia nililiona mkononi," alisema polepole.

"Ulifunga, Baba. Hukusahau. Nilikata mimi. Lori lilikuwa linakuja, Redio akasema umetoka..." Akajisikia anamtaja Redio, akaona aibu. "Nilikata mimi. Sikuzunguka nyuma."

"Halafu?"

"Halafu nikakusikia unahesabu."

Nje mashine ya kukatia miche ya sabuni ilikuwa ikigonga, tap, tap, tap. Fundi hakuinua macho.

"Ulibonyeza?"

Angeweza kusema hapana. Hakuna jicho lililoona, hakuna alama kwenye kitufe. Kukata kufuli ni kosa la haraka, mtu huweza kusamehewa. Neno hapana lilikuwa tayari limeshafika kwenye ulimi.

"Nilibonyeza," alisema. "Mara mbili. Umeme haukuwepo."

Fundi alisimama. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, Mama Saa alimwona mzee akimwogopa, akimzunguka kwa mbali kama mtu anavyomzunguka mbwa asiyemjua tabia. Alilichukua kufuli. Ovaroli aliliacha. Akatoka bila kufunga mlango.

Saa ile ile, kabla moyo haujabadilika, Mama Saa alimpigia Meneja akamweleza yote. "Jumatatu utapata barua," alisema Meneja. "Kesho kazi iendelee." Kisha Mama Saa akasimamisha mashine zote, akasimama juu ya kreti, akawaambia wafanyakazi. Alisema kukata, alisema kubonyeza, alisema siku mbili za kunyamaza wakati mzee akijidhania mwehu, akasema samahani. Hakuna aliyemtukana. Redio, aliyekuwa na maneno kwa kila tukio, alivua kofia akaitazama ndani, kama neno limedondokea humo.

Jumamosi ni siku ya Tumbo. Saa mbili asubuhi skrepa zote zilikuwa ukutani na watu wamesimama, mikono kifuani. Makufuli yao wameyashika, hakuna anayefunga lake. Mama Saa hakutoa amri. Angetoa vipi? Zamani alipowaambia ingieni waliingia, na wala hawakuwahi kufikiri kwamba kuingia kule kulikuwa kumwamini. Sasa walifikiri.

"Nitaingia mimi," alisema.

Akashusha mkono wa swichi. Akafunga kufuli lake, la shaba, lisilo na maua. Alipokuwa anauvaa ufunguo shingoni akasikia nyayo nyuma yake. Watu walikuwa wamempisha Fundi. Alikuwa na nguo za nyumbani, shati la mikono mirefu, uso wa mtu ambaye hakulala. Alinyoosha kiganja.

"Ufunguo."

Sheria ilisema ufunguo wako humpi mtu. Sheria hiyo alifundishwa na huyo huyo mzee. Mama Saa alimtazama machoni akitafuta yule aliyemwita mwanangu, hakumwona. Akauvua, akauweka kwenye kiganja kile, akachukua skrepa na tochi, akazunguka nyuma.

Mlango wa Tumbo humtaka mtu apite kama mtoto anayezaliwa, kichwa mbele na bega moja moja. Ndani palikuwa na giza na harufu kali ya sabuni iliyomtoa machozi. Panga moja lilikuwa juu ya bega lake la kushoto, la pili karibu na mbavu. Akaweka tochi chini, akakwangua mara moja. Mlio ukajaa pipa zima na kumrudia usoni. Ulipopungua akasikiliza.

Nyayo. Zilikuwa zinakwenda taratibu upande wa mbele, zikafika pale ambapo alijua ni kwenye swichi, zikakoma. Kisha mlio mdogo wa kufuli, klik. Ukiwa ndani ya lile pipa, kufuli linalofungwa na kufuli linalofunguliwa hutoa sauti ile ile. Mama Saa akamfikiria mwanawe na namba zake. Feni zilikuwa zinazunguka leo, alikuwa amezisikia alipoingia. Alitaka kuita, "Baba, nimo," lakini hakuita. Basi hivi ndivyo ilivyokuwa upande huu. Jumatano mzee alikuwa hapa, mgongo kwenye chuma hiki, anahesabu kwa amani kwa sababu nje kulikuwa na kufuli la maua na mtu aliyemlea.

Nyayo zikaanza tena. Zikazunguka nyuma. Mwanga wa mlangoni ukazibwa.

Kilichoingia kwanza kilikuwa skrepa, kisha mkono ndani ya ovaroli lile lililoachwa ofisini, kisha kichwa chenye mvi. Fundi alijikunja akaketi mkabala naye, magoti yao yakigusana, maana nafasi ni hiyo hiyo. Alihema kidogo. Akautoa ufunguo mfukoni, akamvisha Mama Saa shingoni, na kikamba kikanasa kwenye sikio, akakinasua.

"Nimefunga na langu," alisema. "Jipya. Halijapakwa rangi."

Mama Saa alitaka kusema samahani, lakini alikuwa amelisema jana mbele ya watu arobaini, na humu ndani lilionekana dogo. Meno yalikuwa yakimgongana.

"Mbona unatetemeka?"

"Naogopa, Baba."

"Vizuri," alisema Fundi. Mkono wake, ulioshika skrepa, ulikuwa ukitetemeka pia, na hakujaribu kuuficha. "Hata mimi. Haya, anza na pembe za chini, wewe huwa unaziruka."

Akachomeka pamba masikioni, akavuta skrepa juu ya chuma, akahesabu moja.